Alama za Penseli kwenye Rafu ya Tatu

Likizo ile Nadhifu aliamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi, akatandika kitanda mpaka shuka likanyooka, akafua soksi zake, kisha akamsubiri shangazi yake mlangoni, kamba za viatu zimeshafungwa. Nadhifu halikuwa jina lake la kuandikishwa. Alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu madaftari yake hayakuwa na doa wala kona iliyokunjika, na kusema kweli jina hilo lilimpendeza kuliko lile la cheti. Shuleni alikuwa kiranja wa vitabu. Kila mwisho wa muhula yeye ndiye aliyepitia vitabu vya darasa na kifutio mkononi, akafuta masharubu waliyochorewa watu wa pichani, majina, mahesabu na upuuzi mwingine wa watundu. Mwalimu alikuwa amemsifu mbele ya shule nzima mara mbili. Nadhifu alizihesabu mara hizo, na alikuwa anaisubiri ya tatu.

Wazazi wake walikuwa kazini mchana kutwa, kwa hiyo shangazi akajitolea kwenda naye kazini. Shangazi alikuwa mkutubi wa chuo cha ualimu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Hakukaa chini, kwenye ukumbi mkubwa wanakoazima wanafunzi. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, nyuma ya mlango ulioandikwa Hifadhi Maalumu. Humo mlikuwa na vitabu vya zamani, barua, ramani na picha ambazo haziazimwi. Mtu akitaka kuzisoma husomea humo humo, mikono mikavu, bila chai, bila kalamu ya wino.

"Penseli tu," shangazi alimwambia kila aliyevuka kizingiti, hata mkuu wa chuo. "Wino ukidondoka hatuna la kufanya tena."

Mezani karibu na dirisha alikaa fundi wa kujalidi, mzee mwenye miwani mizito, aliyekuwa amezungukwa na nyuzi, sindano, vipande vya ngozi na kopo la gundi. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa akishona vitabu vya chuo kile vilivyochanika. Mdomo wake haukuwa na likizo.

"Shikamoo, Babu Fundi," Nadhifu alimwamkia.

"Marahaba, mkaguzi. Kucha zangu leo nimezikata, usiniandike."

Mwaka ule chuo kilikuwa kinatimiza miaka sitini, na shangazi alikuwa anaandika historia ya Hifadhi. Alimsimulia Nadhifu wakiwa njiani. Chuo kilipofunguliwa, maktaba ilikuwa na rafu mpya zinazonukia mbao, lakini vitabu havikuwapo. Basi mkutubi wa kwanza akavaa viatu vyake akapita mjini nyumba kwa nyumba kuomba. Watu wakatoa walichokuwa nacho, huyu viwili, huyu kimoja. Vitabu vile vya kuombwa vilijaza rafu tatu, na ndivyo vilivyoanzisha Hifadhi. Sasa shangazi alitaka kuvionyesha katika sherehe, na kuwaalika watoto na wajukuu wa waliovitoa.

"Wewe utapangusa vumbi rafu ya tatu," alimwambia Nadhifu, akampa brashi laini. "Migongo na kingo tu. Usifungue kitabu. Kufungua ni kazi yangu na Fundi."

"Sawa, shangazi."

Siku tatu za kwanza alifanya hivyo hivyo. Alhamisi shangazi akaitwa kwenye kikao, na Fundi akashuka chini kupika gundi, kazi isiyotaka haraka. Nadhifu akabaki peke yake na brashi. Kitabu kimoja kilimteleza mkononi, kikafunguka chenyewe upande wa nyuma. Kwenye kona ya chini, ndani ya jalada, aliona mwandiko mdogo wa penseli, umepinda-pinda na kufifia.

Nadhifu akasonya. Kumbe watundu hawakuanza leo. Alitoa kifutio chake mfukoni, akafuta, akapuliza makombo, akatazama. Kona ilikuwa safi. Akafungua cha pili, nacho kina mwandiko. Cha tatu vile vile. Hakujisumbua kusoma kilichoandikwa. Macho yake yalikuwa kwenye uchafu. Mahali pengine penseli ilikuwa imekolea, akasugua kwa nguvu mpaka karatasi ikaota manyoya kidogo. Fundi aliporudi na kopo lake linalofuka mvuke, vitabu thelathini na kimoja vilikuwa vimesimama rafuni kwa mstari, na Nadhifu alikuwa anapangusa migongo kama aliyekuwa akifanya hivyo tangu asubuhi.

Hakumwambia mtu. Alitaka shangazi ajionee mwenyewe, ashangae, aulize ni nani aliyefanya kazi nzuri namna hii. Ijumaa shangazi hakuigusa rafu ya tatu. Mwisho wa wiki nzima Nadhifu alikuwa akitabasamu peke yake hata wakati wa kuosha vyombo.

Jumatatu shangazi alifungua daftari lake, akachonga penseli, akatoa kitabu cha kwanza cha rafu ya tatu. Akakifungua nyuma. Akakitazama kwa muda, akakirudisha, akatoa cha pili. Kisha akatoa cha tatu na cha nne pamoja. Nadhifu alikuwa ameshajiweka tayari kusema "Ni mimi, shangazi." Lakini shangazi alivuta kiti akakaa kama mtu aliyeishiwa nguvu za miguu.

"Mzee," alimwita Fundi. "Hebu njoo uone. Alama hazipo."

"Alama zipi?"

"Za mkutubi wa kwanza. Nyuma ya kila kitabu aliandika kwa penseli kazi ya mtu aliyekitoa. Mji ulikuwa mdogo, kazi ilitosha kumtambulisha mtu. Mshona viatu. Mpishi wa bweni. Daftari la zawadi liliharibika paa lilipovuja, hatuna pengine pa kujua. Rafu ya kwanza na ya pili nilishanakili. Hii ndiyo niliyoiacha kwa wiki hii." Alifunga kitabu. "Watu hawa wote, Mzee. Nitawaita nani sasa kwenye sherehe?"

Uso ulimwiva Nadhifu, masikio yakamwaka moto. Alishika brashi kwa mikono miwili na kutazama sakafu.

Fundi alisogeza kitabu karibu kabisa na pua yake, akakigeuza kwenye mwanga. Akachukua kingine. Alipozungumza sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Wiki iliyopita nilipitisha kifutio kwenye majalada ya rafu hii. Kutoa madoa ya vidole."

"Kwa nje, Mzee."

"Kwa nje, ndivyo ninavyokumbuka." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Lakini mwezi jana nilishona kurasa juu chini, wewe mwenyewe ukaniambia. Macho haya yananidanganya, mama. Nadhani niliona uchafu nikafuta. Labda ni mimi."

"Thelathini na kimoja?"

"Nani mwingine anafungua vitabu humu, zaidi yangu na wewe? Nisamehe."

Shangazi alimgusa Fundi begani, akatoka nje kwenda kunawa uso. Hakugeuka hata mara moja kumtazama Nadhifu. Haikumpitia akilini kwamba mtoto aliyeambiwa asifungue angefungua. Kuaminiwa kule kulimchoma Nadhifu kuliko kama angepigwa kofi. Mlango ulikuwa wazi, Fundi alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na sentensi yenyewe ilikuwa na maneno mawili. Hakuisema.

Jumanne alijiambia atasema asubuhi. Asubuhi ikapita, akajiambia atasema mchana. Fundi siku hiyo hakumwita mkaguzi. Alikaa na sindano kwenye mkono mmoja na uzi kwenye mwingine, akijaribu kuvikutanisha, akikosa, akilowesha uzi mdomoni, akikosa tena.

"Mjukuu wangu, hebu nitungie," alisema mwishowe.

Nadhifu akatunga mara moja.

"Ahsante. Mungu akubariki."

Nadhifu alikimbilia chooni akajifungia. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Chakula cha mchana kilimshinda, na usiku mama alipomuuliza kama anaumwa, alisema ni tumbo. Ikawa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza ambao hakuutamka.

Jumatano shangazi alikwenda kwa mkuu wa chuo kumweleza yaliyotokea. Alipotoka tu, Fundi alimwita Nadhifu mezani, akamsogezea karatasi safi na penseli.

"Una mwandiko mzuri, shangazi yako ananisifia kila siku. Niandikie barua. Mimi nikiandika, mistari inapanda mlima." Alikohoa, akakunja mikono. "Andika: Kwa Mkuu wa Chuo."

Nadhifu akaandika.

"Naomba kuacha kazi ya kujalidi vitabu niliyoifanya kwa miaka thelathini na sita. Umeandika sita? Haya. Sababu ni kwamba macho yangu yameharibu mali ya chuo."

Penseli ilifika kwenye neno macho. Nadhifu aliandika herufi ya kwanza, akaandika ya pili. Mkono ukakataa. Alijaribu tena, na chozi likamtoka.

"Vipi, nimekwenda kasi?" Fundi aliuliza.

"Si macho yako, babu." Sauti ilimtoka ndogo. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyefuta. Alhamisi, ulipokwenda kupika gundi. Vyote nilifuta mimi."

Fundi aliichukua barua, akaisogeza puani, akaisoma polepole mpaka pale ilipokatikia.

"Siku tatu," alisema.

"Nilidhani ni uchafu. Nilitaka shangazi afurahi."

"Sijakuuliza ulidhani nini. Nasema siku tatu. Siku tatu umenitungia uzi, unanitazama ninavyopapasa meza hii, na unajua. Jumatatu nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimekwisha, sifai tena. Mama wa watu hajalala tangu siku hiyo."

Nadhifu akaangua kilio.

"Usilie hapo, unalowesha karatasi." Fundi alimsogezea kitambaa, lakini uso wake haukulainika. "Futa uso. Shangazi yako akirudi utayasema haya kwa mdomo wako. Mimi sikusaidii hata neno moja."

Na kweli hakumsaidia. Shangazi aliporudi, Nadhifu alisimama katikati ya chumba akasema yote, kuanzia kitabu kilichoteleza mpaka barua. Shangazi alimsikiliza akiwa amesimama na mkoba bado begani. Alimtazama kama anayemwona mtoto huyu kwa mara ya kwanza.

"Nilikuambia usifungue," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"La Alhamisi naweza kulielewa. Hukujua ni nini, na mimi sikukueleza, hapo nina kosa langu. Lakini Jumatatu ulijua. Ulisimama pale, ukamsikia mzee wa rika la babu yako akiomba msamaha kwa jambo lako, ukanyamaza. Hilo nimeshindwa kulielewa."

Nadhifu naye alikuwa ameshindwa kulielewa. Alibaki ameinamisha kichwa, akiona viatu vyake vilivyong'arishwa, na kwa mara ya kwanza usafi huo ulimtia aibu.

Shangazi aliweka mkoba chini, akamgeukia Fundi. "Na wewe Mzee unisamehe. Ulipojitwisha kosa hili nilikubali upesi mno."

"Hata mimi nilikubali upesi," Fundi alinung'unika. Alichana barua vipande viwili, akavitupa kwenye kapu. "Haya, tusikae matanga. Mkutubi yule wa kwanza nilimkuta akiwa mtu mzima, ndiye aliyeniajiri. Alikuwa na mkono mzito balaa. Akiandika, meza inatikisika. Rangi ya penseli imefutika, lakini mkandamizo wake huenda bado upo kwenye karatasi. Funga mapazia. Nipe tochi."

Chumba kikawa na giza. Fundi alifungua kitabu nyuma, akailaza tochi ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu juu bila kuipiga usoni. Kona iliyokuwa nyeupe ikaota vivuli. Palikuwa na vifereji vyembamba, vyembamba sana, vinavyopanda na kushuka.

"Mimi sioni kitu hapo," Fundi alisema. "Macho yangu si mabovu kama nilivyodhani, lakini kwa hili hayatoshi. Soma wewe uliyefuta."

Nadhifu alipiga magoti, akaweka jicho usawa wa meza. "Kuna s," alisema. "E. Halafu r... Seremala. Babu, imeandikwa seremala."

Shangazi akaandika kwenye daftari.

Kazi ile iliwachukua siku hiyo na mbili zilizofuata. Shingo ilimkauka Nadhifu, magoti yakachubuka, na hakuthubutu kulalamika. Walimpata dereva wa lori aliyetoa vitabu vitatu. Walimpata mpiga picha, mwashi, na muuza magazeti. Kila alipopatikana mmoja Nadhifu alishusha pumzi, kisha akasogea kwa hofu kwenye kitabu kinachofuata. Ijumaa jioni walikuwa wamesoma alama ishirini na saba. Zilizobaki nne hazikusomeka. Ndizo zile alizosugua kwa nguvu mpaka karatasi ikaota manyoya, kwa sababu alitaka ziwe safi zaidi ya nyingine.

Shangazi alimpa vikadi vinne vya kuwekwa mbele ya vitabu hivyo siku ya sherehe. Alimwambia aandike juu ya kila kimoja: Aliyetoa hajulikani. Alama yake ilifutwa kwa makosa mwaka huu.

"Na utasimama karibu navyo," shangazi alisema. "Mtu akiuliza, utajibu wewe."

Siku ya sherehe, Jumamosi ya wiki iliyofuata, chumba kilijaa watu. Watoto na wajukuu walikuwa wakitafuta kazi za wazee wao kwenye vikadi, wakiitana, wakipiga picha. Nadhifu alisimama pembeni ya vitabu vyake vinne, mikono nyuma, akiomba kimoyomoyo asije mtu. Kwa saa nzima hakuja mtu.

Kisha akaja bibi mmoja mwenye fimbo, akisoma kikadi kimoja baada ya kingine kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshazunguka meza zote.

"Mwanangu," alisema, "nimesikia mtaani habari ya sherehe hii. Mama yangu alikuwa mkunga wa mtaa wa hapa nyuma. Alitoa kitabu chuo kilipofunguliwa, alikuwa akitusimulia. Simwoni popote."

Nadhifu alivigeukia vitabu vyake vinne. "Shikamoo, bibi. Labda yumo kwenye hivi vinne. Alama zao zilifutwa."

"Nani amefuta?"

Shangazi alikuwa ng'ambo ya chumba. Fundi alikuwa anaongea na mkuu wa chuo. "Ni mimi, bibi," Nadhifu alisema. "Nilidhani ni uchafu. Naomba unisamehe."

Bibi hakutabasamu. "Mama hakuwa na kitabu kingine," alisema. "Alikuwa nacho hicho kimoja tu, na alikitoa."

Machozi yalimlenga Nadhifu, akayaacha.

"Nipe kiti, nikae," bibi alisema. "Nipe na hivyo vitabu."

Nadhifu alimletea kiti, akakausha mikono yake kwa kitambaa, akamfungulia kimoja kimoja. Bibi hakutazama majina ya vitabu. Alipekua kurasa taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba ana miadi na mmoja wao. Kwenye kitabu cha tatu alisimama. Katikati ya ukurasa palikuwa na doa kubwa la mafuta, la kahawia, lililopenya mpaka ukurasa wa pili.

"Hiki hapa," alisema, na sauti ikamkatika. "Mama alikuwa anasoma na taa ya mafuta, ikammwagikia. Akatuchapa sisi wote watatu, akidai tuliisukuma meza. Kesho yake asubuhi akatukalisha kitako, akasema si nyinyi, ni mimi nilisinzia, nisameheni." Alicheka kidogo huku akipangusa macho. "Doa hili nilikuwa nikilichungulia nikikasirika naye. Mguse mama yangu hapo. Hapo hapo."

Nadhifu aligusa doa kwa ncha ya kidole.

Shangazi alikuwa ameshawaona, akaja na penseli. Hakuandika mwenyewe. Alimpa Nadhifu, na Nadhifu akaandika kwenye kona ile ile ya nyuma, kwa kukandamiza: Mkunga. Kikadi cha zamani akakitoa, akaandika kipya. Vile vitatu vingine viliendelea kukaa na vikadi vile vile mpaka watu wote walipoondoka, na hakuna aliyekuja kuviulizia.

Wakirudi nyumbani, shangazi na Nadhifu walitembea mpaka karibu na lango.

"Watatu wale pengine hatutawapata kamwe," shangazi alisema. "Katika historia ninayoandika nitasema hivyo hivyo, kwamba walikuwapo na tumewapoteza. Sitaficha. Wewe utalikumbuka hili ukiwa mtu mzima, na ni vizuri ulikumbuke. Lakini jambo moja nataka ulishike kuliko yote. Kila mtu hukosea, mwanangu, hata mwenye daftari safi. Ukinyamaza, kosa halikai bure, linamwangukia mtu mwingine alibebe. Safari hii lilimwangukia mzee wa watu, na nusura limtoe kazini. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hajatokea mtu wa kulibeba."

"Nimesikia, shangazi."

"Sijui kama mama yako anajua."

"Hajui. Nilimwambia ni tumbo."

Shangazi alifungua lango. Walipoingia ndani, mama alikuwa anakunja nguo kitandani. Nadhifu alikaa kando yake bila kuvua viatu, na kabla hajaulizwa sherehe ilikwendaje, akaanza kumsimulia yote tangu Alhamisi ile.